Moyo wa Mwenyeji

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, na hakuna aliyehangaika kulitafutia sifa. Sifa ilikuwepo kitambo: Jiji la Mabingwa. Dunia inatujua kwa miguu na mapafu. Katika miaka ya 1990 mtafiti Bengt Saltin kutoka Sweden alikuja na timu yake kupima wakimbiaji wa sehemu hizi, akitaka kujua pumzi ile wanaitoa wapi. Tangu hapo wamekuja wengi na mashine zao. Ukimwambia mtu wa Nairobi unatoka Sisibo, swali la kwanza ni kama unakimbia. Mimi sikimbii. Nakaa Pioneer, na hata mjini naenda na boda.

Lakini kuna mioyo mingine hapa ambayo haifuatwi na kamera. Iko kwenye foleni ya kliniki ya moyo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ile tunayoiita Referral tu. Ni moyo wa msichana wa miaka 19 anayeishiwa na pumzi akipanda ngazi moja. Ni wa kijana aliyeacha kazi ya mjengo kwa sababu usiku hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu. Hawa hawakuzaliwa wagonjwa, wala si watu wa kula chipsi kila siku. Ugonjwa wao ulianza kwenye koo, wakiwa watoto.

Nimekuwa nikisoma historia ya ugonjwa huu kwa miezi kadhaa, na kila nikifungua ukurasa nakutana na jozi moja ya maneno: wenyeji na wasio wenyeji. Australia, New Zealand, Canada, huko kote vifo vyake huhesabiwa kwa mizani hiyo, na matokeo yanatisha. Nikajiuliza, je, hapa kwetu mizani hiyo ingepima nini? Jibu lilinirudisha kwenye historia ya mji wenyewe, na kwenye jina la mtaa ninaoishi.

Tuanze na ugonjwa. Kiswahili kinauita ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, na nadhani jina hilo limetuponza. Baridi yabisi tunaijua kama maumivu ya viungo ya nyanya na babu, kitu cha kupaka dawa na kukaa juani. Ukimwambia mzazi kwamba mtoto wake wa miaka tisa ana homa ya baridi yabisi, anaweza kucheka. Kumbe umri wake hasa ndio huo, kati ya miaka 5 na 15.

Mambo huenda hivi. Mtoto anapata maambukizi ya koo ya bakteria waitwao streptokokasi wa kundi A. Koo linauma siku chache, kisha linapoa. Kwa watoto wengi hadithi inaishia hapo. Kwa wachache, wiki mbili tatu baadaye, kinga ya mwili inachanganyikiwa. Ilijifunza kumpiga bakteria, na sasa inapiga sehemu za mwili zinazofanana naye. Goti linavimba, linapoa, kisha kiwiko kinavimba. Wengine mikono inarukaruka yenyewe mpaka mwalimu anadhani ni utundu. Haya yote hupita. Moyo ndio hausahau. Ndani ya moyo kuna vali, yaani milango midogo inayofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Zikishambuliwa mara moja, mbili, tatu, zinapata makovu, zinakuwa ngumu. Mlango unakataa kufunguka vizuri au unakataa kufunga. Moyo unafanya kazi ya ziada kwa miaka bila kulalamika, halafu siku moja unachoka.

Kinachohitajika ili bakteria huyu asambae si kitu cha ajabu: watu wengi kwenye chumba kimoja, hewa kidogo, watoto wanaolala kitanda kimoja, na koo ambalo halikutibiwa. Anayepita Langas, jirani zetu hapa, akaona ploti za vyumba vya mabati vilivyopangana, hahitaji kuchorewa. Pioneer nayo ina nyumba za kila aina, za geti na za chumba kimoja, wakati mwingine ukuta kwa ukuta.

Sasa jina. Pioneer ni neno la Kiingereza la mtu aliyetangulia kufika mahali. Ndivyo walowezi wa Kizungu walivyopenda kujiita kote katika nyanda hizi. Neno hilo lina hila ndani yake: ukiitwa wa kwanza kufika, basi waliokuwepo hawahesabiki.

Na walikuwepo. Nyanda za Uasin Gishu zina mashimo ya Wasirikwa, alama za watu waliofuga hapa karne nyingi nyuma. Baada yao wakaja Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao ndilo kaunti yetu inalibeba mpaka leo. Baadaye Wanandi wakalisha ng'ombe huku. Wanandi walipambana na Waingereza kwa miaka zaidi ya kumi, mpaka Oktoba 1905 ambapo Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika kile kilichoitwa mkutano wa amani. Kipindi hichohicho serikali ya Uingereza ilikuwa imewaahidi Wazayuni nyanda hizi kama makao, na tume yao ikaja kuzikagua. Mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa ahadi hiyo. Hebu fikiria: ardhi ilikuwa inatolewa zawadi, kwa maelezo kwamba ni tupu, wakati wenyewe bado wanapigana kuilinda.

Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Mashamba yalipewa namba. Namba 64 ikawa posta, posta ikawa mji, na mwaka 1912 mji ukapewa jina Eldoret. Ndiyo maana tunasema Sisibo. Mwaka 1917 ikafunguliwa hospitali ndogo ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika. Hiyo ndiyo iliyokua ikawa Referral ya leo. Matibabu ya nyakati zile yalipangwa kwa rangi kote katika koloni. Hata Hospitali ya Kenyatta ya Nairobi ilianza mwaka 1901 kwa jina la hospitali ya wenyeji. Mwenyeji, katika lugha ya faili za wakoloni, hakuwa yule anayekaribisha mgeni kama tunavyosema sisi. Alikuwa mtu wa daraja la chini.

Hapa ndipo historia ya ardhi inapokutana na historia ya moyo. Kama ardhi ilivyoandikwa kuwa tupu, moyo wa Mwafrika uliandikwa kuwa mzima. Vitabu vya tiba ya nchi za joto vya mwanzo wa karne ya 20 vilidai kwamba homa ya baridi yabisi ni nadra sana huku, au haipo kabisa. Ilikuwa ya nchi za baridi. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya wenyeji huko Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika 1,000. Alisema shinikizo halipandi na umri kama kwa Wazungu. Huo ni ugonjwa mwingine, na huenda vipimo vyake vilikuwa sahihi kwa watu aliowaona. Ila baadaye alijenga juu yake hoja nzima kuhusu ustaarabu na maradhi: kwamba magonjwa ya aina hii yanakuja na maisha ya kisasa. Hoja ya namna hiyo inanoga kusikia. Inakufanya umwone mtu wa kijijini kama ana afya ya Edeni, na mtu mwenye afya ya Edeni hahitaji kliniki.

Maiti za Waafrika, hata hivyo, zilichunguzwa. Katika maabara ya serikali Nairobi, mtaalamu F. W. Vint alizipasua na kuandika alichokiona. Jambo lililompa sifa ni karatasi yake ya mwaka 1934 kuhusu ubongo wa mwenyeji wa Kenya, ambamo alidai kwamba ni mwepesi kuliko wa Mzungu. Mwaka mmoja kabla ya hapo walowezi walikuwa wameanzisha chama cha kutafiti namna ya kuboresha mbari, na vipimo kama hivyo vilikuwa chakula chao. Yaani muda, visu na mizani vilikuwepo. Maswali waliyochagua kuuliza ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nyumbani kwao walikuwa wanajua. Miaka hiyohiyo ya 1920, madaktari wa Uingereza waliandika kwamba homa ya baridi yabisi inawapata zaidi watoto wa maskini wa mijini, wa vyumba vyenye unyevunyevu na msongamano. Marekani, ugonjwa huu ulikuwa ukiongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 20. Walisema ni nyumba. Lakini mtu akivuka bahari na kukuta vibarua wamelala kumi kwenye banda la shamba la mlowezi, nyumba inaacha kuwa sababu. Sababu inakuwa hali ya hewa, au mbari.

Uongo ule ulivunjika polepole, na sehemu kubwa ulivunjwa na madaktari waliofanya kazi hukuhuku. Mwaka 1966 P. G. D'Arbela, R. B. Kanyerezi na J. A. Tulloch walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa moyo wa Hospitali ya Mulago, Kampala, na baridi yabisi ilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Kumbe ilikuwepo siku zote.

Wakati huo nchi tajiri zilikuwa tayari zinaisahau. Vifo vilianza kushuka huko hata kabla ya dawa, kadiri familia zilivyopata vyumba zaidi na maji safi. Kisha ikaja penisilini. Mnamo 1949 na 1950, katika kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Wyoming, madaktari walionyesha kwamba askari mwenye koo la streptokokasi akipewa penisilini mapema, homa ya baridi yabisi haimpati. Muda si mrefu ikapatikana benzathini penisilini, sindano ambayo dawa yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Mtoto aliyekwisha kuugua akidungwa kila wiki tatu au nne kwa miaka, moyo wake unalindwa. Ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, ila inauma.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1950 dunia ilikuwa na jibu. Tukaachwa na swali la nani atalipata.

Mwaka 1996 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha kazi ya Gabriel Anabwani na mwenzake, waliopima watoto wa shule 1,115 wa vijijini Kenya kwa mashine ya kuona moyo kwa mawimbi ya sauti, ile tunayoiita eko. Walipata kiwango cha watoto 2.7 kwa kila 1,000. Inaonekana ndogo. Sasa zidisha kwa idadi ya watoto wa shule katika kaunti yako.

Halafu kuna takwimu ninazozirudia kichwani kila mara. Kati ya 2010 na 2012, wagonjwa 3,343 wa baridi yabisi ya moyo waliandikishwa katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen. Umri wa katikati ulikuwa miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Baada ya miaka miwili, karibu asilimia 17 walikuwa wamekufa, na umri wa katikati wa waliokufa ulikuwa miaka 28.7. Katika nchi maskini zaidi kati ya hizo vifo vilifika asilimia 20.8, katika zile zenye kipato cha juu kidogo, 12.5. Vali zilezile, bakteria yuleyule. Tofauti ni kama uko mahali penye dawa, eko na daktari wa upasuaji.

Kwa nini wanawake? Sehemu ya jibu naijua kwa karibu. Binti wa mama mkubwa hakujua ana moyo mbovu mpaka alipobeba mimba. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na vali iliyobana haiwezi kupitisha mzigo huo. Zahanati moja ilimwambia ni uchovu wa kawaida, apumzike. Mwezi wa sita akawa analala ameketi. Alifikishwa hospitali kubwa kwa wakati, yeye na mtoto wakapona, na leo anadungwa sindano yake kila wiki nne. Lakini daktari alimweleza wazi: vali ikifika mahali pa kubadilishwa na ya chuma, atameza dawa ya kuzuia damu kuganda, wafarini, maisha yake yote, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ana miaka 26. Mume anataka mtoto wa pili. Mama mkwe naye anauliza, kwa heshima, kila wanapoonana. Hesabu hiyo anaipiga peke yake usiku, na hakuna takwimu ya mahali popote itakayoionyesha.

Nirudi kwenye mizani niliyoitaja mwanzo. Australia ni nchi tajiri. Kwa Waaustralia wengi baridi yabisi ya moyo ni kitu cha kwenye vitabu. Lakini Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, ambao hawafiki asilimia 4 ya wananchi, ndio zaidi ya asilimia 90 ya wanaopata homa hiyo upya. Tunajua hivyo kwa sababu walihesabiwa. Na kuhesabiwa kwenyewe kulipiganiwa: katiba ya Australia ilikuwa na kifungu cha 127, kilichosema wenyeji wasihesabiwe katika idadi ya watu, na kiliondolewa baada ya kura ya maoni ya mwaka 1967. Daftari la kwanza la wagonjwa hawa lilianza katika jimbo la Northern Territory mwaka 1997.

Kuhesabiwa si kutibiwa, hilo nalikubali. Kati ya 2019 na 2020, wanawake watatu wa jamii ya wenyeji kutoka mji wa Doomadgee, Queensland, walikufa kwa ugonjwa huu. Mwaka 2023 afisa wa uchunguzi wa vifo alitoa ripoti iliyokosoa vikali huduma waliyopewa. Nchi yenye pesa zote zile, na penisilini yenye umri wa nyanya yangu. Lakini angalau kulikuwa na ripoti. Kulikuwa na namba ambazo familia zingeweza kumrushia waziri usoni.

Basi ungedhani nitasema: na sisi tuhesabu hivyohivyo. Wenyeji huku, wageni kule. Subiri kidogo.

Tarehe 13 Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la haki za jamii za wenyeji. Australia ilipiga kura ya kulikataa. Kenya haikukubali wala kukataa. Miezi mitatu na kitu baadaye, baada ya matokeo ya uchaguzi, hapa Eldoret watu walianza kuulizana nani mwenyeji na nani mgeni. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Mtu yeyote wa rika langu aliyekulia huku anajua neno "madoadoa" lilimaanisha nini mwaka ule. Kwa hiyo wazo la karani wa hospitali kumuuliza mgonjwa "wewe ni mwenyeji?" linanitia baridi. Katika mji huu swali hilo halikuwahi kuwa la afya.

Na bado, kuna watu ambao kukwepa swali hilo kunawafuta. Wasengwer wa msitu wa Embobut, juu ya milima ya Cherang'any, nyumba zao zilichomwa Januari 2014 walipofukuzwa msituni. Waogiek wa Mau walishinda kesi yao katika Mahakama ya Afrika tarehe 26 Mei 2017, na mahakama ikatamka kwamba wao ni jamii ya wenyeji na kwamba kuwafukuza msituni kulivunja haki zao. Mtoto wa Kisengwer anayelala na ndugu zake kwenye kibanda cha plastiki baada ya nyumba kuchomwa yuko katika hali ileile ambayo madaktari wa London waliieleza miaka ya 1920: baridi, unyevu, msongamano. Koo lake likiuma, kituo cha afya kiko chini ya mlima. Moyo wake ukichoka, eko iko Eldoret. Akifa kule juu, anaingia katika hesabu ipi?

Nilifuatilia jinsi tunavyohesabu, na jibu liko kwenye karatasi mbili. Ukifa hospitalini, wanajaza fomu ya D1, na daktari anaandika chanzo cha kifo. Ukifa nyumbani, naibu chifu anajaza D2. Naibu chifu si daktari. Anaandika alichoambiwa na waliofiwa: malaria, nimonia, kuvimba miguu, kukosa pumzi. Familia inahitaji kibali cha maziko, si uchunguzi. Simlaumu mtu. Lakini ugonjwa huu unaua vijana wengi ambao hawakuwahi kujua wanao, na ukiwakuta nyumbani, unaandikwa kwa jina lingine. Mwaka 1929 tuliambiwa mioyo yetu ni mizima. Siku hizi hakuna anayethubutu kusema hivyo, ila karatasi zetu bado zinaelekea kusema.

Ndiyo maana nimeanza kuamini kwamba kwa Eldoret mizani sahihi ni ya nyumba na umbali. Hata kule Australia, ukifuatilia tofauti kati ya mwenyeji na asiye mwenyeji hadi mwisho, huikuti kwenye damu. Unaikuta kwenye idadi ya watu kwa chumba, kwenye bomba la maji lililokatika, kwenye muuguzi aliyechoka kilomita mia kadhaa kutoka mjini. Maswali hayo tunaweza kuuliza bila kumtisha mtu: mnalala wangapi chumba kimoja? Maji mnateka wapi? Mtoto alipougua koo mara ya mwisho, mlikwenda wapi? Majibu yangetuonyesha Langas. Yangetuonyesha Embobut pia, bila kumfanya mtu yeyote wa Eldoret kuwa mgeni.

Na ukishajua wapi, kuna cha kufanya. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto na vijana 102,200 walipimwa mioyo kwa eko. Waliokutwa na dalili za mwanzo, kabla hata hawajajisikia wagonjwa, 818 waliingia kwenye utafiti. Nusu walidungwa penisilini kila wiki nne, nusu walifuatiliwa tu. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 tu wa kundi la sindano, na kwa watoto 33 wa kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2021. Utafiti haukufanyika Boston. Ulifanyika Gulu, na dawa ya miaka ya 1950.

Si rahisi, najua. Makoo mengi ya watoto ni virusi tu, hayahitaji penisilini, na kemisti wa mtaani hana namna ya kutofautisha. Mali ghafi ya sindano yenyewe inatengenezwa na viwanda vichache duniani, na nchi nyingi zimeshawahi kuishiwa. Mwezi Mei 2018 Kenya na nchi nyingine wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, na azimio halidungi mtu. Kila mwaka watu huvaa fulana za Mater Heart Run wakakimbia kuchangia upasuaji wa watoto, na upasuaji huo unaokoa maisha. Tenwek kule Bomet wanafungua vifua vya vijana ambao miaka 30 iliyopita wangerudishwa nyumbani kufa. Lakini upasuaji ni mwisho wa safari ambayo ingeweza kukatishwa mapema, mtoto akiwa darasa la nne.

Hospitali iliyoanza na vitanda 60 mwaka 1917 leo ina kliniki ya moyo, mashine za eko na wanafunzi wa udaktari wanaohitaji mahali pa kujifunzia kuzitumia. Shule za Pioneer na Langas haziko mbali nayo. Kwa boda unafika kabla simu haijaisha chaji. Mtoto wa Embobut yuko mbali zaidi, lakini barabara ipo, na wakimbiaji wanaipanda kila asubuhi. Wale waliokuja kupima mioyo ya mabingwa wetu walifika mpaka huko na mashine zao. Hakuna sababu ya sisi kushindwa kufika, tukampima na yule ambaye hata hatakuja kukimbia.